Mwanga wa Jicho la Pili

Taa ya hadubini ilizimika wakati daktari wa macho ameshalikata jicho la kushoto la fundi cherehani na ameanza kumtoa mtoto wa jicho. Aliipiga kofi ubavuni, kama kawaida yake. Ikawaka, ikazima. Akaipiga tena. Safari hii iligoma kabisa.

"Hadubini mpya iko chumba cha pili," alimwambia nesi, akiwa ameuma meno kwa hasira. "Imefungwa utepe mwekundu, inamsubiri mgeni rasmi aje aukate. Tangu mwaka jana! Na mimi huku nimeshika jicho la mtu gizani."

Fundi, aliyekuwa macho muda wote chini ya kitambaa, alikohoa kidogo.

"Mwanangu, usijitie presha. Chukua mwanga wa hili la kulia. Bado linaona."

Mwanga ulitoka jicho la kulia, ukapanda mgongo wa pua, ukateremkia la kushoto na kutulia humo. Ulikuwa mweupe, mzuri kuliko wa taa. Daktari aliinama kwenye hadubini akaona kila kitu, mpaka kifuko chembamba ambamo lenzi mpya ingekaa. Nesi akampa lenzi, kazi ikaisha.

Asubuhi bandeji ilipotolewa, fundi alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Kisha ilimbidi ageuze kichwa kizima ili amwone daktari, aliyekuwa amesimama kulia kwake. Jicho lile lilikuwa limekwisha.

"Mradi sindano naiona," alisema fundi.

Daktari alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa hospitali.

"Nasikia upasuaji umefanikiwa," mkurugenzi alisema. "Hongera sana."

"Amepoteza jicho zima, mkuu! Utepe ule ukatwe leo. Mkasi ninao."

"Usiuguse. Mgeni rasmi atasikitika. Halafu, Dokta, watu wana macho mawili mawili. Tatizo liko wapi?"

"Mgonjwa wangu anayefuata ana jicho moja."

Mkurugenzi alikoroga chai yake.

"Basi aje na ndugu."

Daktari alitoka ofisini. Alipita chumba cha pili, ambako mfanyakazi wa usafi alikuwa akiufuta utepe vumbi taratibu, asiulegeze. Mbele ya chumba cha upasuaji, mzee mwenye jicho moja alikuwa amekaa kwenye benchi. Kando yake, dada yake alikuwa ameshavua miwani na kuikunja.

"Mimi ninayo yote mawili, Dokta," alisema. "Utachukua lipi?"