Mama Anaitika Bila Kuitwa

...na nilikuwepo, niliona yote kwa macho yangu haya mawili, hakuna mtu wa kijijini kwetu Nandagala wa kunisimulia mimi kifo cha baba yangu, namwambia hivyo nesi Winfrida naye haandiki, anasema kaka Mikidadi, muache bibi ajibu mwenyewe, karatasi yake ya dalili za mshtuko ina visanduku, anavitia alama kwa mafungu, kuota huku, kukwepa huku, kushtuka huku, kama tunavyochambua korosho, safi kule, mbovu hapa, mama yangu fungu la mbovu, ptuu, bibi, unakwepa nini, mikorosho, anasema mama, na salfa, ndiyo maana nikahamia kwa mwanangu huyu huku Nachingwea, na huku nako jirani akipulizia natapika, kweli anatapika, mimi ndiye ninayefagia, njano, na harufu ile ile... mashine ya kupulizia salfa ilishika moto mgongoni mwa baba, watu wanadhani salfa inawaka njano, inawaka bluu, niulizeni mimi, nilimrushia mchanga kwa mikono hii peke yangu, ngozi yake ikabaki kwenye viganja vyangu, nikanawa wiki nzima, wengine wangezimia... na kushtuka je, bibi, sishtuki, binti, naitika tu, na hapo hapo, mchana kweupe, anageukia dirishani, abee, anasema, taratibu, kama yuko jikoni, nani kakuita, bibi, mume wangu, mzee Isihaka, aliniita mara tatu siku ile, mimi niko kisimani, sikumwitikia, miaka arobaini na minane ananiita mama Mikidadi, siku ile ndiyo akanipa jina langu, na mimi nateka maji... kalamu imesimama hewani, ulimsikia, bibi, ningemsikia ningekimbia, aliyesikia ni huyu, mweleze mwenzio, mwanangu, kama ulivyotueleza... na mate yananijaa mdomoni, mate yenye ladha ya wali wa matanga, siku ya tatu, nimekaa mkekani nasimulia, hadithi inapoa, wazee wanatazama masinia, mmoja wao, Yasini, anapiga miayo, nikafika pale pa jina la mama, Zaina, Zaina, Zaina, na sauti nikaikwamisha kooni vizuri kabisa, wakalia wanaume wazima, Yasini akafuta macho akanisogezea mnofu, nikala, mafuta yakanichuruzika mpaka kiwikoni, na nyuma ya pazia, upande wa wanawake, nikasikia abee ya mama, ya kwanza ile, nikalamba vidole nikaendelea... mweleze, Mikidadi, anasema mama bila kugeuka, na nesi bado ananisubiri, kisanduku bado cheupe, nikisema ataacha kuitika, nikisema atarudi kuwa mama Mikidadi, na mikono yangu hii, nainusa, inanuka mnofu, yote niliyaona, moto niliuona, mchanga niliurusha, ngozi ilikuwa ngozi, ila baba alikufa kimya, midomo imefumba, na lile jina nililiweka mimi.