Pita Mlango wa Jikoni

Tangu picha ile ya sinema itoke, miaka chungu nzima iliyopita, watu waliacha kumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Sokoni alikuwa Mama Jikoni, hospitalini Mama Jikoni, na hata mumewe, Mungu amrehemu, alifika mahali akazoea. Chanzo kilikuwa maneno machache tu. Ndani ya picha, mke, aliyeigizwa na yeye, anamfukuza mume mlevi. Mume ameshashika kitasa, ndipo mke anamwambia: "Nenda. Ukirudi, pita mlango wa jikoni."

Baada ya hapo kila aliyeaga, kazini au nyumbani, alisindikizwa na maneno hayo, kwa sauti ya juu na mkono kiunoni.

Sasa picha ilikuwa inasafishwa ionyeshwe upya, na ukungu ulikuwa umekula utepe wa sauti mahali pale pale pa maneno hayo. Fundi sauti akamtafuta mwigizaji chipukizi, msichana mwenye koo zuri, ayaseme maneno upya. Mama Jikoni alipopata habari, alivaa viatu.

"Mama, sauti yako imechoka," binti yake alimwambia mlangoni. "Watakucheka."

"Walinicheka nikiwa na nguvu zangu, tena wakalipa kiingilio. Shika mkoba twende."

Studio ilikuwa chumba kidogo, kuta zake zimevikwa sponji kama godoro. Msichana alikuwa ameshaanza. Mkono kiunoni, aliyapasua maneno yale hata vioo vikatetemeka. Alipogeuka na kumwona nani amesimama mlangoni, mkono ulimdondoka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hongera, mapafu unayo."

Fundi alikuna kichwa. "Mama, usinielewe vibaya. Picha hii itabaki sote tukishaondoka. Uso ule ni wa msichana. Sauti isipolingana nao, tumeharibu."

"Ndiyo maana nimekuja. Kama itabaki, ibaki na sauti yangu. Nijaribu. Ikinishinda, namwachia huyu mwenzangu na sitanung'unika."

Akasogea kwenye maikrofoni, akaweka mkono kiunoni, akapaza. Sauti ilikatika katikati. Binti yake akainamia mkoba kana kwamba amepoteza ufunguo. Fundi akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi.

Mama Jikoni mwenyewe ndiye aliyecheka. "Huyo si mimi! Huyo ni jirani yangu akiniigiza. Nimesikia watu wakiniiga mpaka nami nikajiiga. Hebu nionyeshe picha, bila sauti."

Kwenye skrini, mwanamke kijana aliupa mlango mgongo akikoroga chungu. Shavu tu ndilo lililoonekana likicheza. Mama Jikoni hakuutazama uso. Aliutazama mkono, na mchana ule ukamrudia. Alichopewa kusema kilikuwa: "Nenda, usirudi tena." Akasema "Nenda," chungu kikafurika. Akainama kukisogeza, maneno yaliyobaki yakamtoka kichwani, akasema yaliyomjia, taratibu, kama anayezungumza na chungu.

"Naomba sufuria na mwiko," alisema.

Vikaletwa vya chai ya ofisini, sufuria ikiwa na maji nusu. Akageuka, akaanza kukoroga.

"Mama, maikrofoni iko huku."

"Na mume wangu wa kwenye picha yuko huko huko, mgongoni. Wewe washa mitambo yako."

Akasema, chini chini, bila haraka. Sauti ya chini haikuwa na pa kukatikia.

Fundi aliiweka juu ya picha. Shavu likacheza, maneno yakaingia mahali pake, na mlevi pale mlangoni akasita, kama alivyosita siku zote.

"Hiyo hiyo," fundi alisema. "Sigusi kitu."

"Bibi," msichana aliuliza, "kumbe hukupaza sauti?"

"Ukimpigia mtu kelele, mwanangu, atasikia 'nenda' tu."

Msichana aliushika mwiko, akakoroga kidogo, midomo ikicheza kimya kimya.

Getini, mlinzi aliwafungulia, akaweka mkono kiunoni, akanguruma: "Nenda! Ukirudi, pita mlango wa jikoni!"

Binti alifungua kinywa amsahihishe. Mama yake akamvuta mkono. "Mwache, hiyo ni yake." Akamgeukia mlinzi. "Nitarudi siku picha itakapoonyeshwa hapa, baba, na nitapita mlango wa mbele. Niwekee kiti."