Mgonga Magurudumu

...na gurudumu la nne zima, linalia vizuri, limebaki hili la tano na mengine matatu, na Bwana Alphonse, mkuu wa karakana ya reli, amesimama hapa stesheni kando ya behewa na karatasi mkononi, kalamu ya wino keshaifungua, "Donat, kuya, tia jina, kesho unaingia biro," na Donat anasema ndiyo Bwana, nakuya, lakini nyundo iko juu na miguu haitoki, ajabu, kwani si hili alilolililia miaka mitatu, ukalani wa huko biro, ofisini, shati jeupe, viatu, kukaa kivulini, hata mkewe Virginie ameshawatangazia majirani kambini, "Bibi ya kalani banamuita madame, miye bibi ya muntu ya marteau, ya nyundo, banamuita nini?"... masikini Virginie, ana haki, miaka kumi na moja jua la Élisabethville linamchoma mumewe, anainama, anagonga gurudumu, anasikiliza, chuma kizima kinaimba, chenye ufa kinakohoa, basi, kazi yenyewe ndiyo hiyo, mzee Kasonde aliyemfundisha kazi alimfunga kitambaa machoni wiki nzima, "Hapana angalia, sikia tu," na siku alipoutambua ufa wa kwanza mzee hakumsifu, alimkatia nusu ya muhogo wake, na Donat akaula bila kusema asante, mjinga yule, asante mzee, asante huko uliko... na juzi alipojaribiwa biro aliandika namba kwa mwandiko safi, Bwana akafurahi, kisha mkono wenyewe ukachukua rula ukagonga miguu ya meza, mmoja mmoja, yote minne, na sikio akalitega, makalani wakacheka mpaka machozi... sasa ni nani anayeitaka hiyo biro, sema kweli, Donat, ni yule anayependa kutazamwa, naye ni wewe, usimkane, viatu unavitaka sana, lakini furaha, furaha yenyewe uliipata wapi... siku ya treni ya Kipushi, gurudumu lilikohoa, akainua mkono kuizuia treni, abiria wote wakateremshwa juani saa tatu nzima, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamjia mpaka usoni, "Weye muntu ya marteau, uko mubaya, mutoto wangu iko na njaa juu yako," watu wakamzomea, na yeye badala ya kukasirika alijaa furaha mpaka akadhani ni homa, akaenda kulala... haikuwa homa, kumbe, mama yule alifika Kipushi, alifika, akasonga bukari, ugali wake, akamlisha mwanawe, akawasimulia majirani habari ya yule mwanamume mwovu wa stesheni, akamtukana upya kwa raha zake, akiwa mzima, na mtoto mzima, ee Mungu, asante kwa matusi yale, asante kwa sikio hili, asante kwa kazi hii hii yenye grisi mpaka kwenye kucha... "Donat, miye nangoya," kalamu imenyooshwa vilevile, na Virginie atanuna, mwezi mzima atanuna, Donat atamweleza habari ya yule mama, labda ataelewa, labda hataelewa, ila hatamdanganya tena kwamba anautaka ukalani, wala hatajidanganya mwenyewe, "Bwana, unisamehe," anasema, na sauti yake anaitambua kuwa ni yake, na juu ya kichwa chake watu wanazidi kupanda na vikapu vyao, wanagombania viti, wanacheka, hakuna anayemjua huyu aliyeinama hapa chini, na wasimjue, bora wafike.