Marehemu Aulizwe Mwenyewe

Siku ya mwaka mpya mama mkwe wangu, Bi Nhàn, alipanga kwenye meza ya tambiko ya marehemu mumewe vyakula visivyo na nyama hata chembe: tofu ya maharage ya soya kwa nyanya, uyoga wa tangawizi, fenesi changa lenye ufuta. Shemeji yangu Khoa akanuna.

"Mama, baba hatakula majani sikukuu! Yeye na nguruwe tu."

"Na nguruwe ndiye aliyemmaliza. Haya, tumuulize mwenyewe."

Kwetu marehemu huulizwa kwa sarafu mbili: zikilala tofauti, moja kichwa na nyingine mgongo, amekubali, nasi tunakula. Bi Nhàn akazirusha kwenye sahani. Zikafanana. Akarusha tena. Zikafanana tena.

"Si unaona? Kagoma!" Khoa akachekelea.

Mama mkwe akashika kiuno, akaikodolea macho picha ya mumewe. "Wewe mzee, mafuta yamekuua na bado unadeka? Kula hiki, au ushinde na njaa mpaka mwakani!"

Akarusha. Zikalala tofauti.

Tukaangua kicheko, tukavamia chakula. Aliyekomba bakuli la fenesi ni Khoa.

"Tangu anioe," Bi Nhàn akaniambia, "hajawahi kukubali kitu kabla sijafoka."