Glasi Isiyo na Mshumaa

Mtu anayeogopa kiberiti mimi simwiti mwalimu wa fizikia. Namwita msomaji wa kitabu kwa sauti. Wa kwetu alikuwa wa namna hiyo, na wanafunzi walimpachika jina la Imethibitishwa, maana kila alichosema alikifunga kwa neno hilo, hata akikwambia chai imepoa.

Mimi nilikuwa mtunza maabara wa shule ile, miaka kumi na tisa. Nilikuwa naokota chupa, misumari, puto na vifuniko vya makopo ili watoto wapate vya kushika. Waliniita Mama Chupa, na sikuchukia. Yeye aliingia na kitabu kwapani, akakaa, akasoma, akaondoka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila yeye kipara kilimwahi.

Muhula ule ikaja amri kwamba shule ipunguze mfanyakazi mmoja. Mkuu wa shule, mama mtaratibu asiyependa makelele, akamwomba Imethibitishwa ushauri. Nilikuwa nyuma ya mlango na ndoo yangu, nikasikia kila neno.

"Mtunza maabara? Yule kazi yake kuosha glasi tu."

Mkuu akasema atakuja kutazama somo kwa macho yake, ndipo aamue.

Siku ilipofika, bwana yule akanijia asubuhi kwenye sinki, mpole kama aliyekuja kuposa. "Mama yangu, leo uniandalie kila kitu, uniwashie mshumaa, halafu usimame pembeni kimya. Somo likienda vizuri nitakusemea kwa Mkuu."

Nikamwambia sawa. Kazi ile ndiyo iliyotulisha mimi na mama yangu, na sikuwa na haraka ya kumwaga unga.

Basi darasa likajaa, Mkuu akakaa benchi la nyuma. Nikasimamisha mshumaa mfupi katikati ya sahani, nikamimina maji niliyotia wino yaonekane, nikawasha. Imethibitishwa akashika glasi kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia dirishani, akaufunika mshumaa. Mapovu yakatoka chini ya ukingo. Moto ukafifia, ukazimika, kisha maji ya wino yakaanza kupanda ndani ya glasi. Watoto wakainuka kwenye viti ili waone.

"Mshumaa umekula oksijeni," akasema, akijipangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. "Maji yamepanda kuziba nafasi yake. Imethibitishwa."

Binti mmoja, mtoto wa fundi cherehani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, lakini maji yamepanda sana mshumaa ulipokwisha kuzimika. Kama ni kula, aliyekwisha kufa anakulaje?"

Darasa zima likacheka. Lilikuwa swali safi, swali la mtu aliyetazama, na mwalimu mwenye haya angeshukuru. Yule akavimba.

"Toka nje. Na kuanzia kesho uhamie mkondo mwingine. Sayansi haina nafasi ya wabishi."

Mtoto akakusanya madaftari yake, akaelekea mlangoni. Mkuu alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Imethibitishwa akanitupia jicho la kunikumbusha ahadi yetu. Hapo nikamdharau, na nikajidharau mimi pia kwa kusimama pembeni kama fagio.

Sasa, kuosha glasi. Nta ya mshumaa haitoki kwa maji baridi, kwa hiyo mimi huziosha kwa maji ya birika, kisha nazifudikiza kwenye sinia lililolowa. Kwa miaka kumi na tisa nimeziona zikiyavuta maji ya sinia zenyewe zikipoa. Hakuna kitabu kilichoniambia. Aliyeniambia ni sinki.

Nikachukua glasi nene, nikaijaza maji ya moto ya birika, nikayamwaga na kuifudikiza pale pale kwenye sahani nyingine ya maji ya wino. Nikamwambia yule binti, "Subiri kidogo, mwanangu." Maji yakapanda kidole kizima, yakaendelea.

"Mwalimu," nikasema, "hii nayo imekula nini?"

Akafungua kitabu. Nikamwacha apekue, nikawaambia watoto: hewa ikipata moto hutanuka, nyingine hutoroka, ndiyo yale mapovu mliyoyaona. Ikipoa inanywea, na hewa ya nje inayasukuma maji yaingie. Oksijeni yenyewe haikuisha yote, basi tu mshumaa ni mvivu kuliko wengi humu, huzimika kabla ya kuimaliza. Binti akarudi kukaa bila kuambiwa na mtu, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Saa nane Mkuu akaniita ofisini. Hakuzungusha maneno. "Dada, umesema kweli. Yule mtoto hatahamishwa, nimeshaandika. Lakini huko juu wanahesabu vyeti, na yeye anacho. Nikimwondoa yeye, somo halina mwalimu."

"Lina mwalimu sasa?" nikamwuliza. Akanisogezea barua ya kuachishwa kazi.

Niliumia, sitasema uongo. Maji ya moto hayachomi nyumba, wanasema, lakini yangu yalikuwa yameniunguzia jiko. Nikarudi kuosha glasi za mwisho na kufunga kabati, nikaziacha chupa zote mahali pake, maana ni za watoto.

Imethibitishwa alikuwa ananisubiri apokee funguo. Akazitia mfukoni, akaangalia mlango, akaangalia sinki, akashusha sauti.

"Mama, ile glasi yako. Kesho kidato cha tatu wanataka niwaonyeshe. Yale maji yanatakiwa yawe ya moto kiasi gani?"

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke. Nikalisogeza mbele yake.

"Tia kidole," nikamwambia, nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu.