Masikio ya Floribert

Floribert alikuwa akitengeneza pedali za gitaa katika chumba cha mbele cha nyumba yake, Lubumbashi, tangu binti yake Séphora akibebwa mgongoni. Alikata mwenyewe visanduku vya aluminiamu, akalehemu ndani yake transista alizotoa kwenye redio kuukuu. Mpiga gitaa akikanyaga, gitaa iliyokuwa ikilia kwa adabu ilianza kunguruma. Wanamuziki wengi wa mjini walikuwa nazo.

Kwa hiyo mpiga gitaa Guelor aliporudisha pedali mpya aliyoitumia katika mgahawa wa Karavia, Floribert alidhani ni utani.

"Papa Flori, iko nakata masikio. Batu balikuwa banahama meza."

Floribert alichomeka gitaa, akapiga. Sauti ilitoka nene, tamu, vile vile alivyoitaka. "Ubaya iko wapi?"

Guelor alikunja uso. "Hausikie?"

Haukupita muda, kanisa moja la Kasapa nalo likarudisha yake: eti inalia kama kisu kwenye sahani. Floribert alizifungua zote mbili asione kosa. Akabadilisha kondensa, akidhani sokoni wamemuuzia bandia. Akaazima spika ya jirani. Kila alipomaliza, masikioni mwake mambo yalikuwa sawa. Kila alipompigia mwenye pedali, huyo alikunja uso. Ni umeme? Ni gitaa zao? Au wamepatana kumharibia jina? Mezani alikuwa akisahau tonge mkononi.

Jumamosi Guelor alikuwa amesimama kando ya meza ya kazi, wakijaribu tena, mke wa Floribert, Christiane, alipoingia na unga wa bukari, yaani ugali, mikononi.

"Papa Séphora, zima basi hii chaja yako. Iko napiga filimbi tangu asubuhi."

"Filimbi gani?"

"Ya hapa kwenye meza. Inalia kila siku. Nilizani umeizoea."

Floribert aliinama, akabandika sikio kwenye chaja ya simu mpaka joto lake likamgusa shavu. Hakusikia kitu. Akamgeukia Guelor. "Na wewe unasikia?"

"Ndiyo, Papa. Ata kutokea ku mulango."

Akaichomoa. "Na sasa?"

"Sasa imenyamaza," wakasema wote wawili. Kwake hakuna kilichobadilika.

Aliketi. Miaka ya karibuni sauti ya kila pedali ilimfikia kama imefifia, naye kila mara aliiongezea makali kidogo, kumbe masikio yake ndiyo hayakushika tena sauti nyembamba. Tangu lini? Na zile zilizoko mjini, ipi ni nzuri, ipi inaumiza watu? Hakujua hata aanzie wapi kuhesabu.

"Mama Séphora, shika kitufe hiki cha ndani, cha makali. Zungusha mpaka masikio yako ifurahi."

"Miye sijue mambo ya gitaa."

"Zungusha tu."

Guelor akapiga. Christiane alirudisha kitufe nyuma, na nyuma tena, hadi Floribert akaisikia gitaa kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Alinyoosha mkono amzuie, akaurudisha.

"Hapa," akasema Christiane.

"Hapa iko muzuri sana!" Guelor alicheka kwa mara ya kwanza.

Floribert alikilehemu kitufe pale pale, akakaza skrubu za kisanduku juu ya sauti ambayo mwenyewe hakuiamini, akamkabidhi Guelor pedali yake.

Guelor alipoondoka, Floribert alimgeukia mkewe.

"Na miye, nikisema, napandisha sauti?"

"Kidogo," akasema Christiane, akifuta unga mikononi. "Tulizani ni hasira."