Kitabu cha Nne cha Mnyonya Damu

Mke wangu hakuwa msomaji wa hadithi za mapenzi mpaka figo zake zilipogoma. Mara tatu kwa wiki alikaa hospitalini kwenye kiti cha plastiki ya kijani, damu yake ikitoka kwa bomba moja kwenda kusafishwa na mashine na kurudi kwa jingine. Macho yake nayo yalikuwa yamechoka, hivyo nilikaa pembeni nikimsomea. Nilipendekeza vitabu vya historia, akakataa. Binti yetu kitinda mimba, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyemletea kitabu cha kwanza: kijana mnyonya damu anampenda binti wa mwenye duka la dawa.

"Huyu ni kama wangu," mke wangu alisema, akiionyesha mashine kwa kidevu. "Ila wangu ana adabu, hunirudishia."

Dereva wa malori, aliyekuwa kiti cha jirani, alicheka hadi mashine yake ikalia na muuguzi akaja mbio. Tangu siku hiyo nikawa nawasomea wawili.

Sikuvipenda vile vitabu mwanzoni. Machozi yalikuwa mengi mno. Lakini cha tatu kilinishika. Mnyonya damu ameapa hatamgusa mtu tena, sasa amedhoofika, amelala stoo nyuma ya makatoni. Binti anakunja mkono wa gauni na kumnyooshea. "Kunywa," anamwambia. Kitabu kikaishia hapo.

Wiki hiyohiyo daktari akatuambia kwamba figo ya kitinda mimba ingemfaa mama yake. Mtoto alikuwa amekwenda kupimwa kimyakimya. Daktari alipomuuliza mke wangu kama ataipokea, alijibu, "Nitakujibu nikimaliza kitabu cha nne."

Daktari akatabasamu. Mimi naujua uso wa mke wangu akitania, na ule haukuwa wenyewe.

Kitabu kikachelewa. Miguu yake ikavimba, pumzi ikawa fupi, naye bado anasubiri. Kilipotoka, kitinda mimba aliomba ruhusa kazini akakileta mwenyewe, akaketi dirishani na ovaroli lake. Nikavaa miwani.

Ukurasa wa kwanza tukawakuta hotelini, mnyonya damu mzima wa afya, anacheza dansi. Nikaendelea kusoma nikiutafuta ule mkono. Mbele kidogo nikakuta sentensi moja tu: mjomba wa binti alikuwa ametengeneza dawa ya chupa inayoondoa kiu ya damu milele. Baada ya hapo ni nguo za harusi, sura baada ya sura.

"Rudi nyuma," mke wangu alisema. "Umeruka."

"Sijaruka."

"Alikunywa au hakunywa?"

"Hawasemi."

"Na binti? Aliushusha mkono? Alijisikiaje?"

"Mama watoto, nimekusomea kilichoandikwa."

"Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia," dereva alisema. "Muda wote huu tunasubiri chupa!"

Hakuna aliyecheka. Nilianza kusoma katika shule ya jioni nikiwa tayari na watoto wawili, na kitabu nimekiheshimu maisha yangu yote. Siku ile nilitamani kukitupa. Mwandishi alikuwa na kurasa zote alizotaka, na alipofika penye swali akapita pembeni.

"Kifunge," mke wangu alisema. Kisha akamwita binti yetu. "Njoo hapa, mama. Kila mtu ananiuliza mimi kama nitapokea. Wewe nani amekuuliza?"

"Mimi nimeshaamua. Sina shida."

"Hayo mwambie daktari. Mimi nakuuliza, unaogopa?"

Binti alitazama mikono yake iliyojaa alama za cheche. Nilitaka kumjibia, nikajizuia.

"Naogopa," alisema. "Naogopa kisu. Naogopa nitashindwa kubeba vyuma. Naogopa nikupe halafu ufe vilevile."

"Na bado?"

"Na bado nataka. Nikija hapa huwa nachungulia mlangoni kwanza, nione kama kwenye kiti chako hajakaa mtu mwingine. Hilo naliogopa kuliko kisu."

Dereva aligeuza uso wake kuelekea ukutani.

Mke wangu alimshika kwa mkono usio na bomba. "Mimi pia naogopa," alisema. "Naogopa kuchukua kitu chako kikaharibikia ndani yangu. Lakini ungeniambia huogopi, nisingekipokea. Ningejiona nimemwibia mtoto." Akavuta pumzi, moja, kisha nyingine. "Baba watoto, kamwambie daktari nimekubali."

Nilimkuta daktari kwenye korido, amesimama anakunywa chai. Nilisimama mbele yake, nikamwambia, "Kitabu cha nne tumekifunga. Amekubali." Alinitazama usoni, akaweka kikombe dirishani, akatangulia kuelekea chumbani.